Uso wenye chunusi, krimu yenye rangi

Mwenye chunusi anayeishi Mombasa hana msimu wa kupumzika. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Machi, joto hufika nyuzi 32 au 33 na jasho halipati muda wa kukauka. Kusi ikija na mvua zake, joto hupungua kidogo lakini unyevu uko pale pale, na uso unang'aa mafuta kabla hujamaliza kufunga mlango. Zangu zilianza nikiwa shule ya msingi na nimevuka thelathini nazo. Niliambiwa zitaisha nikikua, kisha zitaisha nikiolewa, kisha zitaisha nikizaa. Nimekua, nimeolewa, nimezaa. Walionitabiria sasa wamehamia kwenye "ukikoma hedhi".

Ila kipele chenyewe hakinisumbui sana. Huja, huiva, huondoka. Kinachonisumbua ni doa. Ngozi yangu ni maji ya kunde iliyokolea, na kipele cha wiki moja huniachia doa la miezi. Mahali palipovimba, zile seli zinazotengeneza melanini hushtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Uvimbe ukiisha, rangi imeshakaa, na ikiwa imezama chini kwenye ngozi yaweza kuchukua mwaka na zaidi kufifia. Mtu mweupe huachiwa alama nyekundu, sisi tunaachiwa nyeusi. Jua nalo likilipiga doa hilo kila siku, linakolea upya kabla halijaanza kwenda.

Kwa hiyo nilipoanza kupaka krimu ya jua yenye rangi, haja yangu ilikuwa ni kuficha tu. Nilitaka kitu chepesi kuliko faundesheni, cha kupaka asubuhi nikienda kazini, nisionekane nimejipamba na nisionekane nimeumwa na nyuki. Kuficha kunafanya, kiasi. Lakini sababu iliyonifanya niendelee nayo ni nyingine kabisa, na naona wauzaji wengi hawaijui, kwa kuwa hawaitaji wanapoisifu bidhaa.

Krimu za jua ni za namna mbili kuu. Ziko zinazotumia kemikali za kunyonya miale, ambazo mara nyingi zikikauka hazionekani. Na ziko zinazotumia unga wa madini, zinki oksaidi au titani dioksaidi. Hizi za madini huzifaa ngozi zenye hasira kwa sababu zinki haina makeke, lakini kwa mtu mweusi hutoa rangi ya majivu ambayo hakuna poda itakayoisitiri. Zote hupimwa kwa SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, na SPF husema zaidi habari ya UVB, miale ile inayounguza. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale hiyo, SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Kwa upande wa UVA, miale inayozama zaidi ndani ya ngozi, boksi nyingi huwa na herufi hizo UVA ndani ya duara kuonyesha kwamba krimu inaikinga nayo.

Baada ya yote hayo, kuna mwanga ambao krimu isiyo na rangi huuacha upite karibu wote, nao ni huu huu tunaoonea. Mwaka 2010 watafiti wa Henry Ford Hospital kule Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kumulika ngozi za watu wa rangi mbalimbali, mara kwa mwanga unaoonekana, mara kwa miale ya UVA1, sehemu ya UVA yenye mawimbi marefu. Ngozi zenye weusi zilizomulikwa kwa mwanga unaoonekana zilikolea weusi zaidi, na weusi ule ukadumu kuliko ule wa UVA1. Ngozi nyeupe sana haikubadilika. Niliposoma habari hiyo nilielewa kwa nini miaka yote niliyopaka krimu ya jua ya kawaida, kwa bidii na kwa kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kama inavyotakiwa, madoa yalikuwa yananiangalia tu.

Mwanga huo unakatwa na rangi yenyewe. Rangi iliyomo kwenye krimu hizi hutokana na oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu, nyekundu, njano na nyeusi, zinazochanganywa mpaka zikaribie rangi ya ngozi ya mtu. Kwenye orodha ya vilivyomo hutokea kwa namba: CI 77491, CI 77492, CI 77499. Mimi siku hizi nikishika boksi sisomi maneno ya mbele, nageuza nyuma nitafute namba hizo tatu. Mwenye madoa kama yangu akinunua isiyo na rangi amelipia nusu ya dawa.

Na hapa petu mwanga haukosi. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linasimama karibu utosini mwaka mzima, na kipimo cha miale ya urujuanimno hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Anayevuka Likoni kila siku anajua. Unasimama kwenye feri, jua liko juu, maji yanalirudisha kutoka chini, na wewe uko katikati umekumbatia mkoba. Hata ofisini si salama. Meza yangu iko kwenye dirisha linaloangalia magharibi, na kioo cha kawaida huzuia UVB lakini huruhusu UVA nyingi na mwanga wote. Shavu langu la kulia, la upande wa dirisha, lilikuwa na madoa meusi zaidi ya la kushoto. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipoambiwa na daktari wa ngozi, aliyeniuliza nakaa wapi kazini kabla hata hajaniuliza napaka nini.

Sasa kuipata rangi yako ni kazi nyingine. Faundesheni zimejirekebisha. Mwaka 2017 Fenty Beauty ilipotoka na shedi 40, yaani viwango 40 vya rangi ya ngozi, kampuni nyingine ziliona haya zikafuata, na 2022 ikaanza kuuzwa rasmi hapa Kenya. Krimu za jua zenye rangi bado ziko nyuma. Nyingi zina shedi mbili au tatu, na nyingine zina moja tu inayodaiwa kumfaa kila mtu. Hiyo inayomfaa kila mtu nimeijaribu. Humfaa mtu aliye katikati ya Mhindi na Mwarabu, na siku ya mawingu.

Karibu na soko la Marikiti kuna maduka ya vipodozi yamebanana, taa nyeupe kali ndani, kila mtungi unang'aa. Kijana wa duka alinipaka kidogo mgongoni mwa mkono akaapa, "Hii ndiyo yako, dada, wallahi." Mgongo wa mkono wangu na uso wangu havijawahi kuwa rangi moja, mkono umeungua na jua la kuanika nguo. Nikamuomba sampuli za shedi tatu, nikachora mistari mitatu kwenye taya, chini ya sikio, kisha nikatoka nje. Mwangani ndipo ukweli ulipo. Mstari wa kwanza ulikuwa na uwaridi, kama ngozi iliyochubuka. Wa tatu ulikuwa na njano ya dengu. Nikanunua dafu kwa mzee aliyeegesha mkokoteni pale kivulini ninywe huku nikisubiri, maana krimu hizi zikikutana na mafuta ya uso na hewa hubadilika, na shedi iliyokubali sasa hivi yaweza kuwa imekolea hatua nzima baada ya robo saa. Mzee akanikazia macho, panga mkononi, akaniambia, "Dadangu, umejipaka nini hapo mashavuni? Ya katikati siioni vizuri." Nikarudi dukani nikanunua ya katikati.

Kiasi cha kupaka kina fitina yake. SPF inayoandikwa kwenye boksi hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, ambayo kwa uso na shingo ndiyo ile mistari miwili kwenye vidole viwili. Jaribu kupaka kiasi hicho cha krimu yenye rangi kwa mara moja, kwenye joto la Machi, uone. Utakuwa umevaa uso mwingine. Ndiyo maana wengi hupaka tone la ukubwa wa punje ya dengu na kudhani wamekingwa. Mimi hugawa. Mstari mmoja kwanza, naubonyezabonyeza kwa vidole bila kusugua, nachemsha chai, ukishakaa naweka wa pili. Kusugua hukusanya krimu kwenye kingo za vipele, na kipele kilichozungukwa na duara la rangi huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Na ieleweke: vipele haifichi. Hufifisha madoa bapa, husawazisha rangi ya uso, lakini kipele kilichoinuka kina kivuli chake, na kivuli hakipakwi krimu kikaondoka. Ukikipaka tabaka juu ya tabaka utapata mlima uliopakwa rangi. Nimeridhika nacho hivyo. Watu wazima wanajua chunusi ni nini.

Swali ninaloulizwa zaidi na kina dada ni kama krimu yenyewe haileti chunusi. Huweza kuleta. Chunusi huanza pale mafuta ya ngozi, ambayo homoni huyazidisha, yanapokwama kwenye kinyweleo pamoja na ngozi iliyokufa, na bakteria wanaoishi humo wakapata karamu. Kitu kizito juu yake huongeza msongamano. Tangu 1972 madaktari Kligman na Mills waliandika juu ya chunusi zinazoletwa na vipodozi. Shida ni kwamba yale maneno "haizibi vinyweleo" kwenye boksi hayana kipimo kimoja cha kisheria kinachozifunga kampuni zote. Vipimo vya zamani vilifanywa ndani ya masikio ya sungura, na sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa binadamu. Kwa hivyo maneno yale nayachukua kama kauli ya mwenye duka, si uongo, si ushahidi. Ninachokwepa mimi ni siagi ya kakao na mafuta ya nazi yakiwa juu kwenye orodha ya vilivyomo. Mafuta ya nazi nayapenda kwenye nywele na kwenye wali. Usoni hapana.

Lakini kuna dhuluma moja ambayo krimu hufanyiwa. Mtu hupaka Jumatatu, Jumatano akatokwa na kipele, akaitupa. Kinyweleo huanza kuziba wiki kadhaa kabla hujaona kitu juu ya ngozi. Kipele cha Jumatano kilikuwa safarini tangu mwezi uliopita. Ukiwashwa au ukipata vipele vidogo vidogo vya kufanana siku hiyo hiyo, hiyo ni ngozi kukataa, iache mara moja. Chunusi za kuziba huja polepole, kwa hivyo hukumu yake nayo ni ya polepole. Mimi huanzia upande mmoja wa taya na kuupa wiki kadhaa kabla sijaupaka uso mzima, na katika muda huo sibadilishi kitu kingine, hata sabuni. Shangazi yangu, ambaye anaamini kila chunusi ina chanzo kimoja nacho ni nilichokula jana, huona subira hiyo ni ukaidi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanaozisifu krimu hizi hawaligusi, kwa sababu wengi wao hawaishi maisha yetu. Udhu. Kitu chenye mwili kinachozuia maji kufika kwenye ngozi sharti kiondolewe kabla ya kutawadha. Rangi tupu, kama ya hina, haidhuru. Krimu ya zinki na oksidi za chuma ina mwili, na nyingi zimetengenezwa makusudi zisitoke kwa maji wala jasho. Kile ambacho mtengenezaji anakiona sifa, kwangu ni kazi ya ziada ifikapo adhuhuri.

Kuna njia mbili, nami nimeishi nazo zote. Ya kwanza ni ile ya mabibi harusi: kutawadha kwanza, kisha kupaka, kisha kuuchunga udhu. Bibi harusi anaichukua jioni moja. Mimi nina mchana mzima, chai, na kibofu cha mama wa watoto wawili. Ya pili ni kuiondoa na kuipaka upya, ambayo kwa ngozi yenye chunusi ina hatari yake, kwani uso uliosuguliwa mara nyingi kwa siku hukasirika, na hasira huleta uvimbe, na uvimbe huleta doa lile lile tunalolikimbia. Madaktari wa ngozi husema kuosha uso kwa sabuni mara mbili kwa siku kunatosha.

Nilipofikia ni hapa. Asubuhi napaka baada ya kutawadha. Adhuhuri, kama udhu umetoka, naondoa kwa pamba na yale maji ya kusafishia vipodozi, nabonyeza pamba shavuni, nasubiri kidogo, kisha naivuta taratibu kuelekea chini. Pamba ya kwanza hutoka kahawia, ya pili njano hafifu, ya tatu ikitoka nyeupe natawadha. Hakuna sabuni wala kusugua. Kisha napaka upya mstari mmoja tu, kwa sababu ya lile dirisha la magharibi. Alasiri ikinikuta bado ofisini, mara nyingi udhu bado upo. Ikishindikana, naondoa na sirudishi tena, jua limeshalala. Siku za hedhi napumzika na hesabu hizo, na uso nao unapumzika. Nimeona kwamba wiki hiyo krimu hukaa vizuri zaidi, ingawa ndiyo wiki ambayo kidevu huchachamaa kwa homoni. Kila kitu na bei yake.

Jioni ndipo kazi ya kweli ilipo, na ndipo maji ya mji huu yanapoingia kwenye hadithi. Tunaopata maji ya bomba kutoka Mzima au Baricho tunayapata kwa zamu. Siku nyingine ni ya kisima, na kisima cha kisiwani kina chumvi. Sabuni haitoi povu, inaacha utando, na utando huo pamoja na masalio ya krimu ndio unaoziba ngozi usiku kucha. Sabuni peke yake haing'oi oksidi za chuma. Naanza na mafuta ya kusafishia, yale yanayogeuka maziwa yakikutana na maji, si mafuta ya kupikia wala ya nazi ambayo hubaki mafuta hata ukiyamwagia ndoo. Napaka kwenye uso mkavu, nazungusha vidole polepole kando ya pua na chini ya mdomo, na unaona kabisa mafuta yanavyokunywa rangi. Ukitia maji kidogo yanakuwa meupe yenye ukahawia, kama chai ya maziwa iliyopoa, yanateleza kwenye sinki. Ndipo nafuatisha sabuni laini ya uso. Suuza la mwisho ni kwa kikombe cha maji matamu ninayoyaweka kando. Tangu nianze kuosha hivyo, vile vidoti vyeusi vya puani vimepungua kuliko vilivyopungua kwa dawa yoyote. Nina hakika chunusi nyingi zinazolaumiwa krimu za rangi ni chunusi za kutoziondoa.

Krimu haiponyi chunusi. Kinachoponya, kwa kadiri kinavyoweza, ni dawa za usiku: adapalini, ambayo ni jamii ya retinoidi, dawa za ukoo wa vitamini A, na haipakwi na mwenye mimba, na benzoili peroksaidi. Hii ya pili inaua bakteria vizuri sana na inaua vitambaa vizuri zaidi. Foronya zangu zote zina mabaka, na leso moja niliyoipenda, nyeusi na nyekundu kutoka Biashara Street, ina alama ya shavu langu ya rangi ya chungwa. Buibui lisikutane nayo kabisa. Dawa hizi nazo hufanya ngozi iwe nyepesi kuungua, kwa hivyo anayezitumia usiku bila kujikinga mchana anajaza maji kwenye pakacha.

Krimu nayo haina adabu kwa nguo. Mtandio mweupe ukikaza kidevuni utakuwa na ukingo wa kahawia kufika saa nne. Nimehamia kwenye rangi za udongo na kijivu. Wanaovaa nikabu wana shida zaidi, kwa sababu kitambaa husugua pale pale panapotoa jasho, na msuguano wenyewe huleta vipele hata bila krimu. Rafiki yangu anayeivaa hupaka kuanzia kwenye nyusi hadi mfupa wa shavu na kuuacha upande wa chini mtupu. Kwa kuwa kitambaa cheusi kinazuia mwanga pale, naona ana akili.

Kitu kimoja nakisema kwa ukali. Kuna krimu za rangi zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi, za kuchanganyiwa, zenye ahadi ya "kutoa madoa ndani ya wiki". Doa halitoki ndani ya wiki kwa njia ya halali. Kinacholitoa hivyo ni haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua rangi ya ngozi, zebaki, au steroidi za tyubu zinazotakiwa kuandikwa na daktari. Haidrokwinoni na zebaki Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku kwenye vipodozi, na Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi ziondoe sokoni vipodozi vya zebaki. Steroidi ndizo laghai zaidi kwa mwenye chunusi, kwa sababu mwanzoni uvimbe huisha kweli, uso unakuwa laini, watu wanakusifu. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha vipele hurudi kwa wingi kuliko vya kwanza, ukadhani dawa ni kuipaka tena. Nimewaona watu wawili wa karibu wakipita njia hiyo. Kopo halina orodha ya vilivyomo, usilipake, hata likiwa limetoka kwa mtu unayemuamkia shikamoo.

Shangazi ananiambia sisi wa leo tunajisumbua, wao walipaka liwa. Nyanya alikuwa na msio wake, lile jiwe la kusugulia, na kigogo cha msandali, anasugua kwa marashi ya waridi mpaka upatikane uji wa manjano, na jioni baraza zima la wanawake lina nyuso za manjano na harufu ya kupendeza. Wenzetu wa Ngazija hutoka nayo hata barabarani. Sina neno baya juu ya liwa. Inapoza, na huoshwa siku hiyo hiyo, ambalo ni jambo zuri. Siipaki juu ya kipele kilichopasuka, basi. Hoja ya kwamba wao hawakuwa na chunusi ina tatizo dogo, nalo ni albamu ya picha iliyoko kwake mwenyewe, ambamo shangazi wa miaka kumi na saba ana paji la uso kama langu.

Sasa binamu yangu anaolewa, naye ana uso wa ukoo. Ameniuliza kama aipake krimu hii usiku wa kupamba. Nimemkataza. Usiku hakuna jua la kumkinga, na zinki ikipigwa na taa ya kamera hurudisha weupe. Picha zote atakuwa na uso mmoja na shingo nyingine. Amwachie mpambaji, atawadhe kabla, na kuanzia sasa asiguse bidhaa yoyote mpya, maana kitakachoziba leo kitaiva wiki ya harusi. Aipake mchana anapohangaika na mafundi na ndugu kwenye jua. Na singo imsugue mwili, isimguse uso, kwa kuwa kusugua vipele kwa unga wa kukwaruza ni kuviagiza madoa. Somo wake, yaani kungwi, hakupendezwa na mimi. Amekubali kuishia mabegani.